Shajara ya Noah: kubadili sega la eksozi, Uyole, Mbeya

Jumamosi, 14 Juni

Gari ni Toyota Noah ya mwaka 1997, injini 3S-FE ya lita 2, gia otomatiki. Tatizo ni nguvu. Kutoka Uyole hadi Mafiati linakwenda vizuri tu, lakini ukilipandisha kutoka Tukuyu kuelekea Isyonje na mzigo wa parachichi nyuma, unakanyaga mafuta mpaka mwisho na mshale unagoma kuvuka 40. Coaster zinapita, malori yanapita. Juzi imenipita hata bodaboda iliyobeba mikungu ya ndizi. Ulaji wa petroli nao umepanda. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawaka hata siku moja.

Kila ninayemsimulia anauliza kuhusu taa, kwa hiyo niimalize hapa. Sega ni lile kopo lenye kauri ya matundu kwenye bomba la eksozi, linalopunguza sumu ya moshi (catalytic converter). Magari yanayoweza kulichunguza sega lenyewe huwa na sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya sega na nyingine baada yake. Kompyuta inalinganisha habari za pande mbili, na sega likichoka inaandika kosa P0420 na kuwasha taa. Noah hii ilitengenezwa kwa soko la Japani na ina sensa moja tu, ya mbele. Sega linaweza kufa na kuzikwa bila kompyuta kupelekewa taarifa ya msiba. Ndiyo maana kijana wa Kabwe aliyetaka elfu thelathini ili "aisome" gari kwa mashine nimemshukuru nikaondoka.

Wa pili kulaumiwa huku kwetu ni mwinuko. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 17 ya nguvu iliyokuwa nayo bandarini. Ni kweli kabisa. Ila Noah hii ilipanda mlima huohuo mwaka jana bila kulalamika, na mlima haujarefuka.

Jumatatu, 16 Juni

Shule zimefungwa, nina muda. Nimepita kwenye vitu vyepesi kwanza: eya klina safi, filta ya petroli mpya, breki hazishiki, oili ya gia rangi yake nzuri. Hakuna cha kuandika zaidi.

Jumamosi, 21 Juni

Leo nimepata kitu.

Nimeazima geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa wa injini, kwa fundi mmoja mzee wa Soweto ya hapa Mbeya, mtu wa malori ya njia ya Zambia tangu ujana wake. Unachomoa kimpira kimoja cha hewa kwenye manifoldi ya kuingizia, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, unachomeka geji, unawasha injini mpaka ipate moto. Vitabu vinasema injini nzima ikiwa sailensa, yaani imetulia bila kukanyagwa, isome inchi 17 hadi 21 za zebaki. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wa pwani. Kila ukipanda kama mita 300 unapunguza inchi moja hivi, kwa hiyo Uyole ukisoma kati ya 12 na 15 injini yako haina neno. Naliandika hili kwa sababu najua kuna watu wa Mbeya walioshusha injini bure kwa kuona 13 kwenye geji.

Yangu ilisoma 13, mshale umetulia. Halafu nikapandisha mizunguko hadi 2,500 kwa dakika na kuishikilia hapo. Kwenye gari lenye eksozi iliyo wazi, mshale unaanguka mara moja pale unapokanyaga, kisha unarudi juu na kukaa. Wangu ulirudi hadi kama 12, halafu ukaanza kushuka taratibu: 11, 9, 8. Injini ikawa inahema. Moshi ukikosa pa kutokea unabaki kwenye silinda, na silinda iliyojaa moshi wa jana haina nafasi ya kuvuta hewa ya leo.

Mzee alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai. "Mwalimu, huyo ameziba puani," akasema. Nikamwambia shikamoo ya asubuhi ilitosha, sasa anisaidie kulala chini ya gari. Akaniitia mjukuu wake.

Jumapili, 22 Juni

Kipimo cha pili, cha kienyeji lakini hakidanganyi: kulegeza flenji (kiungo cha bomba kinachofungwa kwa nati) iliyo mbele ya sega ili moshi upate njia ya kutoka kabla ya kulifikia. Kelele zake majirani watanikumbusha hadi Krismasi. Lakini nilipoendesha kipande kifupi cha mlima wa kuelekea Igawilo, gari liliruka kama limefunguliwa kamba. Nguvu zote zipo. Injini haina kosa.

Tahadhari moja, maana najua mtu atajaribu. Kwenye Noah injini iko chini ya viti vya mbele. Ukilegeza eksozi hapo, moshi wenye kaboni monoksaidi unaingia ndani kwako, na hiyo gesi haina harufu wala rangi. Vioo vyote chini, hakuna abiria, dakika chache tu, halafu unafunga. Na usifanye kwenye nyasi kavu.

Nikaligonga sega kwa nyundo ya raba. Ndani kulisikika mawe. Sega zima halitoi sauti ya mawe.

Jumatano, 25 Juni

Gereji ya Mwanjelwa, kutafuta bei. Nimekwenda nikijua nitaambiwa nini, na nimeambiwa hivyohivyo.

"Mwalimu, hapa tunatoboa tu. Tunatoa uchafu wote wa ndani, tunapiga bomba, jioni unaondoka na gari lako. Elfu hamsini."

"Na hizo masega mtakazotoa?"

"Aah, hizo niachie mimi nitakutupia."

Alicheka yeye kabla yangu. Kila fundi wa eksozi anajua uchafu huo una nini: gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu zilizopakwa kwenye kauri, na wapo vijana wanaozunguka na mizani kununua. Ukiona kazi ya kutoa masega inafanywa bure, au unapunguziwa bei bila kuomba, ujue malipo yametoka chini ya gari lako mwenyewe. Sina ugomvi na biashara hiyo. Nataka tu nani anamlipa nani kijulikane.

Kuhusu bomba tupu, nimlipe fundi haki yake: kwenye gari kama langu lisilo na sensa ya nyuma, litafanya kazi. Taa haitawaka, nguvu zitarudi. Nusu ya Noah za mji huu zinakwenda hivyo. Nimekataa kwa sababu zangu mbili. Ya kwanza ni harufu. Gari hili linapeleka watoto wanne shuleni asubuhi ya Julai, vioo vimefungwa kwa baridi, na eksozi ya gari la miaka hii haikosi kuvuja mahali. Sega linalofanya kazi linageuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi, mabaki ya petroli kuwa maji na kaboni dioksaidi, na oksaidi za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida. Si dawa ya eksozi inayovuja, lakini kinachovuja nyuma yake kina sumu ndogo sana.

Sababu ya pili ni kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia na kemia, na siwezi kufundisha vichocheo Kidato cha Nne huku wanafunzi wananusa Noah yangu pale getini.

Mzee wa Soweto alikuwa na hoja tofauti. Anasema zamani masega yaliyokuja na magari yalikufa upesi, na kwa hiyo mafundi wa rika lake walizoea kuyatoa gari likifika tu. Yuko sahihi. Petroli yenye risasi (ledi) inaufunika uso wa metali hizo za sega na kuuzima kabisa. Magari ya Marekani yalianza kufungwa masega kwa wingi mwaka 1975, na ndipo petroli isiyo na risasi ilipolazimika kuuzwa huko. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Sababu ya mafundi imekwisha, desturi yao imebaki.

Alhamisi, 26 Juni

Kabla ya kutoa hata shilingi moja: nani aliliua?

Hili ndilo watu wanaruka. Sega halina kitu kinachosaga wala kuzunguka. Lisiposumbuliwa linaishi karibu umri wa gari. Likifa, ama limechomwa, ama limelishwa sumu, ama limegongwa. Ukifunga jipya bila kumkamata muuaji, umempelekea mtu wa pili.

La kugongwa nimeliondoa, kopo halina bonde. Sumu ingekuwa oili inayochomwa, maji ya rejeta yanayovuja kwenye silinda, au silikoni. Rejeta haipungui. Oili inapungua kidogo, lakini moshi si wa buluu. Ikabaki kuchomwa. Kauri ya sega hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 400 na 800 hivi. Silinda moja ikimisi, yaani ikikosa kuwaka, petroli yake inatoka mbichi, inakutana na joto na oksijeni mle ndani ya sega na kuwakia humo. Joto likifika kama nyuzi 1,400, kauri inayeyuka na matundu yanafungana.

Na Noah hii imekuwa ikimisi asubuhi. Si sana. Ukungu wa Uyole ukiwa mzito inatetemeka kwa dakika kadhaa, jua likitoka inatulia, na kila mtu nyumbani ameshaiita tabia yake.

Usiku, taa zote zimezimwa, nimeinua kiti cha mbele, injini inanguruma, nikapuliza maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia maua juu ya waya za plagi. Silinda ya tatu ikaanza kurusha cheche za buluu kwenda kwenye chuma cha injini. Mke wangu alikuja na tochi kuuliza kama nimemaliza, akaona, akasema hiyo ndiyo inakula mafuta yetu. Ndiyo.

Ijumaa, 27 Juni

Multimita ya shule imethibitisha. Kwa waya za Toyota za aina hii ukinzani usizidi kiloomu 25. Tatu ziko chini ya hapo kwa raha, wa silinda ya tatu unaruka hadi nje ya kipimo ukiukunja. Nimenunua seti nzima mpya na plagi nne. Sensa ya oksijeni nimeipima pia: volti zinapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 kama inavyotakiwa, kwa hiyo inabaki.

Na kuanzia leo gari hili halilazimishwi kuwaka. Likigoma asubuhi, vijana watasimama pembeni mpaka nijue kwa nini. Kulipigia stata mfululizo gari lililojaa petroli ni kuimimina yote kwenye eksozi, kisha kuiwasha.

Jumamosi, 28 Juni

Ununuzi. Nilikuwa na njia mbili.

Sega la mtumba kutoka Ilala, la Noah hasa, lenye flenji zake. Kwa karatasi ndilo bora, maana lile la kiwandani limepakwa metali nyingi kuliko haya mapya ya bei nafuu. Tatizo ni historia. Gari lake lilivunjwa kwa nini? Liliunguza oili? Na mengine yamekatwa kwa ustadi mgongoni, yakatolewa nyama na kuchomelewa tena, ukinunua umenunua kopo. Ukienda huko nenda na tochi: mwanga upite kwenye matundu yote kwa usawa, na ukilitikisa liwe kimya.

La pili ni sega jipya la kuchomelea, lisilo la gari maalumu, kauri yenye matundu 400 kwa kila inchi ya mraba, mdomo wa inchi mbili kama bomba langu. Nimechukua hili. 320,000, limelipwa kwa simu, linakuja na basi la usiku kutoka Dar. Sitarajii lidumu kama la kwanza, lakini historia yake itaanzia kwangu.

Jumatano, 2 Julai

Kifurushi kimefika stendi. Mshale wa mwelekeo wa moshi umechorwa kwenye kopo. Nimempigia fundi wa kuchomelea wa Uyole. Jumamosi.

Jumamosi, 5 Julai

Siku nzima.

Nati za flenji zina kutu ya mvua nyingi za Rungwe. Tulizimwagia oili ya kulegeza kutu tangu jana jioni, tukarudia asubuhi. Spana namba 14 ya kuzunguka, si ya mdomo wazi, na kabla ya kulegeza unaikaza kidogo mpaka isikike "tak", kutu ikatike. Mbili zilitoka kiungwana. Ya tatu ilibidi ipashwe moto wa gesi mpaka ikawa nyekundu. Ya nne ilikatika na stadi yake (ile bolti isiyo na kichwa), kama kila mtu aliyekuwepo alivyokuwa ameshatabiri, na fundi akatoboa akaweka bolti.

Sega lilipotoka tukaona. Upande wa kuingilia, karibu theluthi mbili za matundu zimeyeyuka zikawa kama sukari guru. Nyuma kauri imevunjika vipande, na hapo ndipo jambo nisilolipenda likaonekana: vipande havikutosha. Vilivyobaki vimekwenda wapi?

Sailensa, na hapa nasema lile kopo la kupunguza kelele nyuma ya sega. Tuliishusha, tukaiinamisha, ikamwaga kokoto na vumbi la kijivu kwenye gunia, na bado ikawa inacheza ngoma ndani. Fundi akaikata mgongoni, akatoa vipande vikubwa vilivyokuwa vimekaa kwenye mdomo wa bomba la ndani, akaifunga kwa kuichomelea. Tungefunga sega jipya na kuiacha ile sailensa, gari lingebaki bila nguvu na mimi ningelaumu sega la elfu mia tatu na ishirini. Vumbi hilo usilivute. Tulifunga vitambaa puani.

Kuchomelea kulikwenda haraka kuliko kufungua. Betri imechomolewa kwanza ili kontrol boksi isipate umeme wa welding, waya wa ethi umebanwa kwenye bomba lenyewe karibu na kazi, na sensa imetolewa. Fundi alishika nukta chache kwanza gari likiwa chini, tukalipima kama bomba halikuigusa shafti wala sakafu, ndipo akamalizia mzunguko mzima. Alitaka kupaka silikoni kwenye flenji "ili isivuje". Nikamkatalia, nikampa gasketi mpya. Mvuke wa silikoni nyingi unaua sensa na sega pamoja.

Tumewasha saa kumi na moja jioni. Mara ya kwanza sega jipya halikimbizwi: ule mkeka unaoishikilia kauri ndani ya kopo unahitaji joto ili uvimbe na kuibana. Tuliiacha injini ikinguruma bila kukanyagwa mpaka ikapata moto, kisha mizunguko 2,500 kwa dakika kadhaa. Moshi kidogo na harufu ya rangi ya kopo, halafu ikakata.

Geji: 13 imetulia. Ukishikilia 2,500, inarudi juu na kukaa hapo hapo. Nilimwangalia mzee, akawa anaangalia geji yake kama atarudishiwa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, hakuna kazi. Tukuyu na kurudi, magunia sita ya parachichi. Mlima wa Isyonje umepandwa kwa 60 na kitu, gia ya tatu, na Coaster moja ndiyo iliyosubiri nyuma yangu. Kipimajoto cha infraredi cha maabara kilisoma kama nyuzi 40 zaidi upande wa kutokea kuliko wa kuingilia baada ya mwendo, dalili kwamba kuna kinachochomwa ndani. Injini isiyo na shida inaweza kuonyesha tofauti ndogo zaidi, kwa hiyo sikitumii kama cheti.

Asubuhi ukungu ulikuwepo. Haikutetemeka.

Jumamosi, 12 Julai

Yaliyobaki. Kinga ya bati juu na chini ya sega haijarudishwa, ile ya zamani imeliwa na kutu. Fundi anakata nyingine kwenye bati la pipa. Mpaka ifungwe siegeshi kwenye majani makavu, na mwezi huu huku hakuna majani mabichi. Oili naipima kila Jumapili na kuandika hapa: mpaka sasa imeshuka kidogo sana, nashuku sili za valvu, na hizo zina zamu yake kabla hazijalifikia sega.

Mnunuzi wa masega amekuja nyumbani na mizani, sijui nani alimwambia. Vipande vya zamani viko kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na vile vya kwenye sailensa. Amevipima, akataja bei inayozidi gharama ya kuchomelea. Nimemwambia arudi wiki ijayo. Kuna mwingine wa Mbalizi anakuja kesho.